Kombe Lililokuwa Mgongoni mwa Émérance

Ananisumbua. Étienne, mjukuu wa dada yangu, anasomea kazi ya kunyoosha viungo vya watu kule Bukavu, na kila likizo ananiletea daftari mpya na kalamu mbili. Koko Léocadie, ananiambia, maana kwake mimi ni koko, bibi yake, andika ile habari ya Émérance na baba yake. Andika weye, namwambia, si weye ndiye mwenye diplome? Mimi shule niliiacha mwaka wa tatu, na mkono wangu ukijaza ukurasa mmoja unaomba chakula. Anasema hapana, lazima itoke kwako, maana weye ndiye uliyekuwa ukidaka mipira yake. Hilo ni kweli. Vidole vyangu viwili vimepinda mpaka leo kwa sababu yake. Basi naandika, lakini sitarudi nyuma kusahihisha, na atakayecheka herufi zangu aje aandike yeye.

Watu wa Uvira waliomjua Émérance uzeeni wanamwita Mama Kombe. Wavuvi walimwendea na mabega yao mabovu, wakina mama na migongo yao ya kubeba mabeseni ya samaki, naye aliweka kiganja, akafumba macho, akasikiliza kama mtu anayesikiliza mlangoni. Wengi wanafikiri jina lile lilitoka kanisani. Hapana. Lilitoka kwenye mchezo, na nusura limuue baba yake.

Baba yake ni Gaspard, mvuvi wa Kimanga, mtaa wa ufukweni pale Uvira, mtu wa maneno machache na mgongo mpana. Émérance alizaliwa mwezi ule ule mama yake Gaspard alipozikwa, kwa hiyo Gaspard alimwita binti yake "mama" tangu yuko mchanga. Ukimsikia mwanaume mzima anaita mtoto mwenye kamasi "mama yangu", unaweza kucheka. Watu wa Kimanga walishazoea.

Mwaka mmoja baada ya Wabelgiji kuteremsha bendera yao, ilifika misheni mwalimu mmoja wa kutoka Amerika, Mamuzeli Anne. Mrefu, pua imeungua na jua, viatu vya kiume. Katika sanduku lake alileta mipira mitatu mikubwa kama ngumi mbili za mwanaume zikiwekwa pamoja, na fimbo moja nene, na akasema atatufundisha wasichana mchezo wa kwao, softiboli. Mmoja anarusha, mwingine anasimama na fimbo anangoja kupiga, na nyuma ya mwenye fimbo anachuchumaa mdakaji. Mdakaji nilikuwa mimi, kwa kuwa sikuogopa.

Kurusha kwenyewe si kama unavyorusha jiwe kwa mbwa. Mkono hautoki juu. Unaanza mbele, unapanda mpaka unapita sikio, unazunguka nyuma, unashuka kwa nguvu, unapita karibu na paja, na pale kwenye paja ndipo mpira unaachiwa. Mzunguko mzima, kama gurudumu la baiskeli. Mamuzeli alituambia tujaribu wote. Sisi tulirusha mpaka kwa majirani. Wa Émérance tu ulienda ulikotumwa.

Lakini alirusha kwa nguvu ya mkono peke yake. Wiki ya tatu bega likaanza kumuuma, hapa mbele, mpaka akashindwa kuinua beseni. Alificha. Mamuzeli akaona uso wake, akaja nyuma yake, akamwekea kiganja mgongoni, akamwambia zungusha polepole. Halafu akapiga kelele:

"Émérance! Kombe lako! Kombe lako limekimbia!"

Kiswahili cha Mamuzeli kilitoka kwenye kitabu kilichochapwa mbali, huko pwani. Sisi tulijua kombe ni lile bakuli kubwa la kuwekea mboga ya watu wengi. Tukaangaliana.

"Kombe iko wapi, Mamuzeli?"

"Hili hapa. Kombe la mkono." Akagusa ule mfupa mpana wa mgongoni, nyuma ya bega. "Kila mtu analo. Unalo wewe pia, Léocadie."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bakuli mgongoni! Lakini Émérance hakucheka. Jioni ile nyumbani alisimama nyuma ya mama yake, Capitoline, aliyekuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, akatazama. Mama aliinua mchi, na chini ya ngozi, kweli, kitu kipana kikapanda na kugeuka. Mchi ukashuka, nacho kikarudi mahali pake, kikalala bapa juu ya mbavu.

"Unaniangalia nini? Nimeota mukia?"

"Mama, uko na kombe mu mugongo."

"Minye niko na mutoto mujinga. Leta chumvi."

Toka siku ile Émérance aliamini kwamba kila mtu ana bakuli mgongoni, na nguvu ya mkono imewekwa mle kama maji. Ukipandisha bega mpaka sikioni, bakuli linainama, maji yanamwagika, na mkono unabaki kufanya kazi na kiu. Huo ndio ulikuwa ukweli wake, na hakuna aliyemtoa humo mpaka anakufa. Étienne anasema hapana, Koko, mfupa ule unaitwa omoplate na hauna maji. Namwambia nyamaza, sikia kilichotokea.

Kilichotokea ni kwamba aliacha kumwaga. Mkono ukipanda, aliliacha bakuli lipande nao kidogo, bila kulikaza. Lakini mkono ulipoanza kushuka, bakuli ndilo lililotangulia: lilirudi chini, likalala juu ya mbavu, likavutwa kuelekea uti wa mgongo, na mguu ukasukuma ardhi. Mkono ulifuata nyuma, mwepesi, kama kamba inayofuata mtumbwi. Alikuwa akijiambia kwa sauti ya chini, na mimi nilimsikia kutoka pale nilipochuchumaa: "Kombe kwanza, mukono nyuma yake." Halafu mpira ukanifikia, na viganja vyangu vikawaka moto. Mwezi mmoja bega likapona. Kila aliposhinda tulipiga kelele, "Kombe! Kombe ya Émérance!", na wapita njia wakaenda kusema Kimanga kwamba binti ya Gaspard amepewa kombe na wazungu. Gaspard aliulizwa, akajibu tu, "Ndiyo, iko nayo," akaendelea kushona wavu.

Ukafika mwaka wa sitini na nne, uasi ukashuka mpaka kwetu. Mamuzeli alikuwa ameshavuka kwenda Bujumbura na sanduku moja. Vijana wenye silaha waliingia mji. Sitaandika kila nilichoona. Naandika cha Gaspard tu.

Kikundi kimoja kilipita misheni kutafuta vitu vya thamani. Mtu akawaambia kulikuwa na kombe. Barabarani wakamsimamisha Thaddée, mvuvi jirani yake Gaspard, mtu asiyeweza kukaa na mdomo mtupu. Wakamuuliza kombe la wazungu liko wapi. Thaddée akatazama silaha zao, na jibu alikuwa nalo mdomoni.

"Ile kombe? Iko kwa binti ya Gaspard. Kimanga yote inajua."

Wakaja asubuhi, watu watano. Gaspard alikuwa amekaa kwenye mtumbwi uliofudikizwa, anaziba ufa.

"Muzee, leta kombe."

"Kombe gani?"

"Ile ya feza, ya wazungu. Binti yako iko nayo."

Gaspard hakuwa mtu wa kusema uongo, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. "Iko nayo," akasema. "Iko mu mugongo yake."

"Unatucheka?"

"Siwacheke. Hata weye uko nayo."

Wakamfunga. Walichukua kamba ya wavu wake mwenyewe, wakamvuta viwiko nyuma mpaka vikagusana, wakamlaza juani. Émérance alitoka nyumbani mbio, akalia, akaeleza, akageuka akashusha kikwembe, nguo aliyojifunga, mpaka kiunoni awaonyeshe mgongo, yeye msichana wa miaka kumi na minane mbele ya wanaume. "Kombe ni hii! Ni mufupa! Angalieni, ni mufupa tu!" Wakafikiri ameingia wazimu. Walichimba jikoni, walipasua magodoro. Jua lilipoanza kuteremka upande wa milima, mmoja wao aliyewahi kukaa darasani akamwambia Émérance ageuke tena na ainue mkono. Akatazama. Akawaambia wenzake kitu, wakacheka, wakaenda zao. Gaspard hawakumfungua. Ni Capitoline aliyekata kamba kwa kisu cha samaki.

Mkono wa kushoto ulirudi baada ya siku mbili. Wa kulia ulibaki unaning'inia. Haukupanda hata kufika kifuani.

Sasa elewa. Gaspard hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe kama watu wa Mulenge. Alikuwa na mtumbwi na kasia. Mvuvi asiyeweza kuvuta kasia anakaa ufukweni kuhesabu mitumbwi ya wengine. Na Émérance alijua neno lililomfunga baba yake lilitoka wapi. Lilitoka mdomoni mwake yeye, Émérance.

Walikimbilia Kiringye, kule bondeni, kwa Firmin, mdogo wake Capitoline, anayelima mpunga. Ya kule alinisimulia Émérance mwenyewe. Gaspard alikaa nyuma ya nyumba akitazama ukuta. Hakulalamika. Wanaume wa namna ile wangelalamika, ungejua la kufanya.

Siku ya nne Émérance alikuja nyuma yake, akaweka kiganja mgongoni. Upande wa kushoto bakuli lilikuwa limelala vizuri. Wa kulia lilikuwa limesimama upande mmoja, limeachana na mbavu kama mfuniko wa sufuria isiyo yake. Hilo alilijua. Alishalisikia kwake mwenyewe, ingawa si baya hivi.

"Baba, inua mukono."

"Mama, acha. Mukono ilishakufa."

"Haiyakufa. Ni kombe ndio imemwagika. Tutaijaza."

Gaspard akaendelea kutazama ukuta. Kuku wakapita. Émérance akashindwa kujizuia, akasema: "Baba, minye ndio nilileta ile neno mu nyumba yetu."

Gaspard aligeuza kichwa akamwangalia, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Neno haikukuwa na kamba," akasema. "Wale ndio walikuwa na kamba." Halafu akageukia ukuta tena. "Haya. Unataka nifanye nini?"

Wiki ya kwanza Émérance alimwinamisha, mkono wa kushoto umeshika kiti, wa kulia umeachwa uning'inie kama kamba ya kisimani, akamwambia akoroge kama anayesonga ugali. "Koroga bukari, Baba. Sufuria ndogo kwanza." Gaspard akakoroga hewa. Kisha sufuria kubwa. Wiki zilizofuata akamweka mbele ya ukuta, kiganja juu ya udongo, asukume kifua kiende nyuma bila kukunja kiwiko, na yeye mkono wake uko pale mgongoni, anasikiliza. "Umepandisha bega. Umemwaga." Tena. "Umemwaga." Tena. "Sasa hujamwaga." Wakati mwingine baba alitokwa na jasho kama mtu anayevuta wavu uliojaa, na alichofanya ni kusogeza mfupa upana wa kidole kimoja.

Watu wa Kiringye waliona, nao wana midomo. Spès, mke wa Firmin, ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote.

"Shemeji, ukimaliza kusukuma nyumba yetu, utusukumie na ya jirani!"

Na wengine mtoni: "Muvuvi anachezeshwa na binti yake mchezo wa masista!"

Gaspard akaacha. Siku tatu hakusogea. Émérance hakumwomba, maana kiburi kile alikirithi na yeye. Siku ya nne, akirudi na maji, alichungulia akamwona baba yake peke yake nyuma ya jiko, ameinama, anakoroga. Alirudi nyuma taratibu na ndoo kichwani, akapita njia nyingine, akaimba kwa sauti ili baba apate nafasi ya kukaa chini.

Mpunga ulipoanza kubeba masuke, ndege wakaja. Pale bondeni ndege wakishuka wanashuka kama wingu, na familia nzima inashinda shambani kutupa mabonge ya udongo. Wote wanatupa kutoka juu. Gaspard hakuweza. Émérance akamletea bonge, akalitia mkononi mwake.

"Chini, Baba. Lipite karibu na paja. Kombe kwanza, mukono nyuma yake."

La kwanza lilianguka miguuni. La pili lilienda nyuma, likatua ndani ya sufuria ya Spès.

"Shemeji! Ndege iko juu! Haiko mu sombe yangu!"

Gaspard akacheka. Capitoline, aliyekuwa mbali na jembe, alisimama wima akaangalia, kwa sababu alikuwa hajaisikia sauti ile tangu kamba.

Alitupa kila siku. Kwanza mkono ulifika kiunoni nyuma, kisha mbavuni. Émérance alikuwa akitembea nyuma yake shambani, kiganja mgongoni, wakionekana kama mnyama mmoja wa miguu minne. Halafu asubuhi moja ndege wakashuka ghafla upande wa mfereji, wengi, na Gaspard bila kufikiri akaokota bonge akazungusha. Mkono ukapanda mbele, ukapita sikio, ukazunguka nyuma, ukashuka, na bonge likaruka likapasuka katikati ya ndege, wingu likainuka lote. Gaspard alibaki kuutazama mkono wake, akiugeuza huku na huku, kama mtu aliyerudishiwa kitu na hajui amshukuru nani. Émérance alikaa chini palepale kwenye maji ya mpunga, kikwembe na vyote.

Walirudi Uvira uasi ulipopungua. Mtumbwi hawakuukuta ufukweni. Thaddée akaja, mara hii bila maneno, akawaongoza mpaka kwenye matete, akaonyesha chini. Alikuwa ameuzamisha na kuujaza mawe, asije mtu akauchukua. Miezi yote ile alikuwa akienda kuhakikisha upo. Waliyatoa mawe wawili, Thaddée na Gaspard, bila kuangaliana.

Siku ya kwanza ya kuingia ziwani, nusu ya Kimanga ilikuja kuangalia na kujifanya inafua nguo. Gaspard akasukuma mtumbwi, akakaa, akashika kasia. Mkono wa kushoto ulivuta vizuri. Wa kulia ulivuta robo. Mtumbwi ukazunguka. Akajaribu tena, ukazunguka tena. Mdomo wa Thaddée ukamshinda.

"Gaspard! Unakoroga ziwa kama bukari?"

Watu wakacheka. Émérance akaona baba yake anapandisha bega. Anataka kuwaonyesha. Anavuta kwa hasira, kwa mkono mtupu, bega liko sikioni, na kwa namna ile ataurarua mkono siku ile ile uliporudi ziwani. Aliingia majini mpaka kifuani, akapiga kelele kwa sauti aliyokuwa nayo uwanjani:

"Kombe kwanza, Baba! Kombe kwanza!"

Waliokuwa wakifua wakasimama. Hakuna aliyesahau neno lile lilifanya nini. Thaddée akaangalia miguu yake.

Gaspard akashusha kasia juu ya mapaja. Akapumua. Bega likashuka, tuliona wote, mgongo ule mpana ukatulia kama paa la nyumba. Akavuta, si kwa mkono, kwa nyuma. Mtumbwi ukaenda moja kwa moja. Akavuta tena. Hakugeuka kuaga. Alienda, akawa mdogo, na Émérance alibaki majini.

"Toka huko," Capitoline akamwambia. "Ukiangalia ziwa sana itakauka." Lakini na yeye hakuondoka.

Alirudi jua liko utosini, na samaki wanne tu. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka mpaka begani. Wakakaa chini hapo hapo kwenye mchanga, Capitoline akaleta bukari na mchuzi. Gaspard akakata tonge, likaanguka. Akakata la pili, likaanguka. Watu walikuwa bado wapo, Thaddée alikuwa hatua tatu kutoka pale. Émérance akakata tonge, akalichovya, akalinyoosha mbele ya mdomo wa baba yake. Mimi nilijua atakataa. Mwanaume yule?

Alifungua mdomo. Akala. Akatafuna taratibu, anaangalia ziwa.

"Kesho tena, Baba?"

"Kesho tena, mama yangu. Na chumvi, ambia mama yako iko kidogo."

Nimemaliza. Sasa zamu yako, Étienne, na weye mwingine yeyote uliyeshika daftari hii. Usiifunge hivi hivi na kusema asante Koko. Nenda kwa baba yako, na kama hayupo nenda kwa mama yako, na kama wote walishaenda tafuta mzee yeyote wa jirani. Mwambie avue shati. Weka kiganja chako nyuma ya bega, umwambie ainue mkono polepole, aushushe polepole, na weye fumba macho usikilize. Halafu niandikie ulichosikia. Herufi ziwe kubwa. Na ukiniandikia neno omoplate, barua nitairudisha.